Meseji kwa Mlango wa Uani

Meseji ya kwanza duniani haikutoka kwenye simu. Tarehe 3 Desemba 1992 Neil Papworth, mhandisi wa miaka 22, aliketi mbele ya kompyuta huko Uingereza, akaandika salamu za Krismasi na kumtumia Richard Jarvis wa Vodafone. Jarvis aliisoma lakini hakuweza kuijibu, kwa kuwa simu za wakati ule zilijua kupokea tu.

Kwa hiyo Wamarekani waliokuja kutuma meseji kwa barua pepe ili wakwepe gharama za simu hawakuzusha maajabu. Kila kampuni kubwa ya simu nchini mwao ilikuwa na anwani yake maalumu. Ulichukua namba kumi za mwenzako, ukaweka alama ya @, kisha ukamalizia na vtext.com ikiwa anatumia Verizon, txt.att.net ikiwa ni AT&T, au tmomail.net ikiwa ni T-Mobile. Barua ilifika kwenye kompyuta ya kampuni, ikapunguzwa itoshe herufi 160, ikaingizwa katika foleni ya meseji za kawaida. Mwenzako akijibu, jibu lilirudi kwenye sanduku lako la barua pepe. Wewe hukutozwa hata senti.

Na senti zilikuwa zinauma. Kati ya 2005 na 2008, bei ya meseji moja kwa mteja asiye na kifurushi ilipanda Marekani kutoka senti 10 hadi senti 20, tena kwenye kampuni zote nne kubwa. Seneta Herb Kohl wa Wisconsin aliziandikia barua Septemba 2008 akitaka maelezo. Zilijitetea kwamba wateja wengi hununua vifurushi, na ndani ya kifurushi meseji moja inashuka bei. Utetezi huo ulikuwa na ukweli, ila haukugusa swali lenyewe: kampuni inagharimika kiasi gani kuipeleka meseji? Mwaka uliofuata Srinivasan Keshav, profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliiambia kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kwamba gharama hiyo haielekei kuzidi senti 0.3.

Sababu imo katika maumbile ya meseji yenyewe. Simu na mnara havinyamaziani hata usipopiga. Hupeana ishara ndogondogo za kujuana nani yuko wapi na nani anapigiwa. Wahandisi wa Ulaya wa miaka ya 1980 waliona njia ya ishara hizo ina nafasi tupu, wakapachika humo maneno. Friedhelm Hillebrand, Mjerumani aliyekuwa katika kazi hiyo, alihesabu herufi za sentensi za kawaida na kuridhika kwamba 160 zinatosha kusema jambo. Ufinyu wa nafasi ndio uliotupa meseji fupi, na nafasi hiyo ilikuwa imeshalipiwa kabla mtu hajaandika neno.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kusimama kidogo. Sisi tumezoea kwamba anayetuma ndiye anayelipa. Marekani, asiye na kifurushi alilipa akituma na alilipa akipokea. Maana yake ni kwamba ujanja wa barua pepe haukuifuta bei, ulimhamishia mwingine. Mtumaji alijiona mjanja mbele ya kompyuta, huku rafiki yake akikatwa senti 20 kwa kuambiwa "poa, tuonane kesho". Na barua ikiwa ndefu, mitandao mingine iliikata vipande, kila kipande meseji yake, kila meseji bei yake.

Ndiyo maana naona kubipu kwetu kulikuwa na adabu zaidi. Aliyeishiwa vocha aliita mara moja akakata, na aliyebipiwa alibaki na hiari: apige, au ajifanye hakuona. Mzigo alitupiwa, lakini aliweza kuukataa. Meseji iliyoingia kwa barua pepe haikumwomba mtu ruhusa.

Wa kwanza kuitambua fursa hiyo walikuwa watangazaji wa kero. Namba za simu zinafuatana, hivyo kompyuta inaweza kutunga anwani elfu moja bila kumjua hata mtu mmoja. Japani waliuonja uchungu huo mapema: huduma ya i-mode ya NTT DoCoMo, iliyoanza 1999, ilimpa kila mteja barua pepe yenye namba yake ya simu, na matangazo yakawafurikia hadi kampuni ikalazimika kubadili mtindo wa anwani. Halafu Marekani iliporuhusu watu kuhama mtandao bila kubadili namba, kuanzia Novemba 2003, namba haikuonyesha tena mtu yuko kampuni gani. Ulimtumia rafiki kwenye anwani ya zamani, na meseji ikapotelea njiani bila mtu kujua.

Ujanja wenyewe ulikufa kifo cha kawaida. Vifurushi visivyo na kikomo vilienea, WhatsApp ikazaliwa 2009, na hakuna kijana aliyeendelea kukariri vtext.com kwa ajili ya senti 20. Lakini mlango ule wa uani haukukaa bila wapitaji. Mafundi wa kompyuta walikuwa wameuunganisha na mitambo yao: seva ikizima usiku wa manane, mfumo unatuma barua pepe, na simu ya fundi inalia kando ya kitanda. Wenye kengele za wizi na vipimajoto vya majokofu walifanya hivyo hivyo. Kwao mvuto haukuwa ubure peke yake. Mtambo wowote unaojua kutuma barua pepe uliweza kumwamsha mtu, pasipo mkataba wala kifaa cha ziada.

AT&T iliufunga mlango wake tarehe 17 Juni 2025. Wenye seva na majokofu wakaelekezwa kwenye huduma za meseji za kibiashara, ambako mtumaji hujisajili kwanza, hueleza anachotuma na kwa nani, kisha hulipia kila meseji. Fundi anayeamshwa usiku, mwenye kifurushi kisicho na kikomo, hakatwi kitu.