Kamituga tunajuana wote, lakini nani ako chini?

Kamituga ni mji wa milima. Nyumba zimepanda vilima, zingine zimeshuka mpaka karibu na mashimo ya dhahabu, na wakati wa mvua barabara ya Bukavu inageuka matope matupu. Basi tunaishi kwa kutegemeana. Mtoto wako akikosa masomo, mama wa avenue ya pili atakuletea habari mbele ya saa sita. Ukifiwa, hutalala peke yako: majirani wanaleta makala, unga na sombe, na vijana wanakesha kwenye kilio mpaka asubuhi. Mama wa kutwanga mawe akigonjwa, wenzake wanampa likelemba mbele ya zamu yake. Hiyo njo akiba yetu ya siku mbaya. Ingine hatuna.

Lakini tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia mashimoni vijana wakiwa chini. Watu kwa makumi walikufa. Mji unaojua nani amekopa chumvi kwa nani haukuweza kujibu swali dogo: walikuwa wangapi?

Nimezunguka mashimo miaka mingi kwa kazi ya sendika, na sababu naziona.

Ya kwanza ni majina. Shimoni mtu anaitwa Komando, anaitwa Mukubwa. Mnakula bugali sahani moja miaka mbili, na hujui baba yake anaitwa nani. Wengi wametoka Walungu, Kabare, Shabunda. Akifa, tunamzika na jina la utani, na mama yake kule kijijini anaendelea kumngoja.

Ya pili ni udugu wenyewe. PDG wa shimo ni shemeji, ni mjomba, ni mtu aliyekulipia minervali ya mtoto. Ukiona miti ya kushikilia udongo imeoza, unanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Shimo lilikuwa la shemeji yangu. Niliona mti umepasuka, nikasema nitamwambia Jumapili, kisha misa. Ijumaa udongo ukaanguka juu ya mguu wa kijana mmoja. Mpaka leo anatembea na fimbo, na tukikutana ananisalimia vizuri. Ile salamu inaniuma kuliko matusi.

Ya tatu ni woga wa taxe. PDG anasema: "Mukiandika watu, kesho liste itafika mu ofisi, na mimi njo nitalipa."

Baba yangu alichimba wakati wa kampuni. Alituambia kwamba kila mtu alichukua jeton yake mbele ya kushuka na kuirudisha akipanda. Jioni, jeton ikikosa, wanajua ni nani wa kumtafuta. Siye tuliachiwa mashimo bila jeton.

Kwenye shimo moja tumeanza na kaye. Mlangoni anakaa mtu anayejua kuandika, na analipwa na ekipi, si na PDG. Anaandika jina la kweli, jina la utani, namba ya simu ya ndugu, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mawingu yakifunga, anaita wote wapande, na anahesabu. Usiku kaye inalala kwa mama mmoja wa kutwanga, si kwa PDG wala mu ofisi. Ni bei ya kaye moja na Bic moja.

Sheria ya madini ya 2018 inamtaka mchimbaji awe memba wa koperative. Ni vizuri. Lakini koperative isiyojua nani ako chini saa hii ni karatasi tu.

Basi ma-mama, leo jioni mume wako akisharudi na kuoga, muulize: "Kule shimoni jina lako limeandikwa wapi?" Akijibu kwamba wote wanamjua, usikubali. Wale wa 2020 pia tuliwajua.