Kuvu Ukutani: Linda Afya ya Familia, Jua Haki Yako

Wengi wetu tumetoka kwenye nyumba ambazo madirisha hushinda wazi. Hapa Uingereza baridi hutufanya tufunge kila kitu. Mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa nguo zinazoanikwa ndani hukosa pa kutokea, na ukigusa ukuta wa baridi hugeuka maji. Hapo ndipo huota kuvu, yale madoa meusi ambayo wengine huyaita ukungu. Chanzo kingine ni bomba linalovuja, paa bovu au ukuta unaopitisha maji ya mvua.

Madhara yake

Kuvu hutoa chembe ndogo zisizoonekana, nasi tunazivuta pamoja na hewa. Huweza kuleta kikohozi, mafua yasiyoisha, macho kuwasha na vipele, na kuamsha pumu. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, na wenye pumu au kinga dhaifu.

Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka 2, alifariki mjini Rochdale. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alikuwa ameripoti kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilithibitisha kwamba kilichomuua ni kuvu ya nyumbani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Awaab ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025, kwa wapangaji wa halmashauri na wa mashirika ya nyumba. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, kisha nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Ikishindikana, mwenye nyumba akupatie pa kukaa kwa gharama yake.

Ukipanga kwa mtu binafsi naye hakusikilizi, ita idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako.

Ufanye nini

1. Piga picha na uandike tarehe.
2. Ripoti kwa maandishi, ubaki na nakala. Taja watoto na wagonjwa waliomo.
3. Mweleze daktari kwamba nyumba ina kuvu. Omba mkalimani; ni bure.
4. Usiache kulipa kodi. Deni linaweza kukupotezea nyumba.

Usiogope. Kuripoti kuvu hakuhusiani na hati zako za ukaazi.

Kusafisha

Doa dogo la mvuke unaweza kulisafisha mwenyewe, isipokuwa una pumu, ugonjwa wa ngozi au kinga dhaifu. Vaa glavu, barakoa na miwani. Watoe watoto, funga mlango, fungua dirisha. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha, kisha tupa kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa. Usisugue kuvu kavu, na kamwe usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia: hutoa hewa ya sumu.

Funika sufuria unapopika, fungua dirisha baada ya kuoga, na usibananishe kabati na ukuta. Lakini ukuta unaovuja hautibiwi kwa kitambaa. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Barua ya Kiingereza ikikupa shida, njoo ofisini kwetu tuiandike pamoja.