Pikipiki ya Mizigo: Nilianza na Taa, Nikalia na Glasi

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu swali lilelile: "Dada, nimenunua pikipiki ya kupelekea oda, nianze kuboresha nini?" Nimeona niandike hapa mara moja, maana mimi swali hilo sikumuuliza mtu na likanigharimu.

Nauza vyombo: seti za sahani, glasi, hotpoti. Mwaka jana nilichoka kulipa bodaboda 5,000 mpaka 8,000 kila oda, nikanunua Boxer ya mkononi na mdogo wangu wa kiume akawa dereva. Nilibaki na 250,000 ya kuiweka sawa. Dogo akasema tuanze na muonekano, pikipiki ni duka linalotembea. Nikaona ana pointi. Tukafunga taa mbili za LED kwa 45,000, ekzosi ya kelele 70,000, kava la siti, vioo vya mtindo, na stika za jina la duka kila upande. Hela ikaisha. Ilipendeza kwa kweli, picha yake niliiweka hadi profaili.

Tairi la nyuma lilikuwa kipara. Nililiona siku ya kwanza kabisa, nikasema litatusogeza mpaka mwezi ujao.

Mwezi ujao ukawa masika. Jumamosi moja dada wa Tabata aliagiza seti mbili za glasi na seti ya sahani za kicheni pati, shughuli inaanza saa kumi. Dogo akafunga maboksi kwa mpira juu ya siti, akaondoka. Saa nane na nusu simu inaita: "Dada, nimeanguka."

Ni kwenye mteremko wa Kimara kushuka Ubungo, mvua inanyesha, daladala mbele yake imesimama ghafla. Akakanyaga breki ya nyuma, tairi likateleza. Namshukuru Mungu alivaa kofia ngumu, aliumia goti na kiganja tu. Glasi haikupona hata moja.

Nilimrudishia mteja 138,000 yake na kumwomba radhi. Hakunijibu mpaka leo. Fundi alipoiangalia pikipiki akacheka kidogo: "Mwanangu, hii inaimba vizuri, lakini kusimama haijui." Breki shuu za mbele zilikuwa zimekwisha, ndiyo maana dogo alitegemea breki ya nyuma peke yake, na huko nyuma ndiko kwenye kipara.

Breki na tairi basi havikuwa na mjadala. Shuu za mbele na nyuma 16,000, tairi jipya 65,000. Hapa kwenye tairi kuwa makini. Pembeni yake tafuta namba nne zinazoonyesha lilipotengenezwa. Ukiona 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kupewa dukani tairi linang'aa kabisa, kumbe lina miaka saba. Mpira ukikaa sana unakuwa mgumu, na barabara yenye maji hauishiki vizuri.

Baada ya hapo sikutaka tena kubahatisha. Wiki mbili nikawa naandika daftarini kila oda iliyochelewa au kuharibika, na sababu yake. Oda 47, zenye shida 11. Tano mzigo ulilowa au ulipondeka, nne cheni ilichomoka njiani, mbili pancha. Iliyochelewa kwa sababu injini haina nguvu? Hakuna. Na dogo wakati huo ananishawishi tubadilishe kabureta!

Cheni nilinunua pamoja na sproketi zote mbili. Ukifunga cheni mpya kwenye meno yaliyolika, meno hayo yataimaliza mapema. Isikazwe sana wala isining'inie, kipimo kipo kwenye kitabu cha pikipiki. Na oili usisahau, hasa ukitoka kwenye mvua.

Kilichonilipa zaidi ni keria ya chuma na boksi lenye kifuniko, jumla 115,000. Boksi la kwanza fundi wa kuchomelea alilisukuma nyuma sana, dogo akawa analalamika usukani mwepesi, anayumba kwenye kona. Uzito ukining'inia nyuma ya tairi, mbele kunanyanyuka. Tukalisogeza likakaribia mgongo wake, vitu vizito vinakaa chini, glasi juu zimezungushiwa magazeti na vipande vya godoro. Tangu hapo nimevunjiwa sahani mbili tu.

Ile ekzosi niliiuza 30,000, ikachangia boksi. Mlinzi wa geti moja alikuwa hamruhusu dogo kuingia kwa ajili ya kelele. Taa za LED tumebakiza moja, mbili zilikuwa zinalaza betri kila asubuhi. Stika zimebaki, hizo nazitetea, wapo wateja walionipata kwa kusoma namba barabarani.

Kwa sasa shokapu za nyuma zinavuja, nazo nimezipangia hela ya oda za Desemba. Dogo bado anataka kabureta.