Nyama choma ya tamasha: Je, yafaa safari?

NA DAKTARI WETU

SIKU hizi ni nadra likizo kupita bila tangazo la tamasha la nyama choma. Majirani zetu wa Dar es Salaam wamekuwa na lao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hapa kwetu nako, viwanja vya Nairobi na miji mingine hugeuzwa jiko kubwa kwa siku nzima. Mtu hulipa kiingilio, hupanga foleni, kisha hulipia sahani. Nao wagonjwa huniuliza: "Daktari, chakula cha huko chafaa kweli?"

Jibu langu ni hili. Ukitaka muziki, hewa safi na kukutana na jamaa, nenda. Lakini ikiwa unakwenda kwa ajili ya nyama tu, mara nyingi utaipata tamu zaidi na salama zaidi katika bucha yenye jiko lake.

Nyama nzuri hungojewa

Tuanze na utamu, maana ndio unaokutoa nyumbani. Nyama choma yetu haina siri nyingi: mbuzi aliyenona kiasi, chumvi, makaa yaliyoshika moto vizuri, na subira. Pale Kikopey, kwenye barabara ya kwenda Nakuru karibu na Gilgil, au Kenyatta Market jijini Nairobi, mteja huanzia buchani. Huiona nyama ikining'inia, huchagua mguu au mbavu, hupimiwa kwenye mizani mbele ya macho yake, kisha hukaa akangoja. Nyama ikitoka motoni hukatwakatwa kwenye ubao na kuliwa ingali moto.

Tamasha haliwezi kumfanyia kila mtu hivyo. Mchomaji anayetarajia umati hawezi kumngojea kila mteja achague mbavu zake. Wengi hulazimika kuchoma mapema, au kuichemsha nyama na kuipitisha motoni mteja anapofika. Ikikaa kando ya jiko inakauka na mafuta yanaganda. Hapo umelipa zaidi kwa nyama iliyopungua utamu, na hukuiona ilikotoka.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake umpe. Tamasha lina faida moja ya chakula ambayo bucha ya mtaani haina: hukusanya wachomaji wa sehemu mbalimbali mahali pamoja. Kwa siku moja waweza kuonja mbuzi wa Kajiado, ngamia wa kaskazini, kuku wa kienyeji wa magharibi na mishikaki ya pwani. Kwa hiyo nenda ukaonje, usiende kushiba.

Hatari huanza baada ya moto

Watu wengi hudhani kwamba nyama ikishapita motoni imekuwa salama moja kwa moja. Ni kweli kwamba joto la nyuzi 70 za Selsiasi, likifika hadi ndani ya nyama, huua karibu viini vyote. Lakini kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto. Nyama ikikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huamka na kuzaana. Wengine hutoka kwenye mikono, pua au vidonda vya anayekata nyama, na sumu wanayoiacha haiharibiwi hata ukiirudisha nyama motoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili, na kinachongojea kuliwa kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi 60. Sasa fikiria sinia iliyochomwa saa nne asubuhi nawe ukaipata saa kumi jioni. Saa hizo sita ndizo zinazokuumiza tumbo kuliko nyama yenyewe.

Usiisahau kachumbari. Nyanya, vitunguu na dania havipiti motoni. Vikioshwa kwa maji machafu, au vikikatwa kwenye ubao uliowekwa nyama mbichi, vyaweza kuleta homa ya matumbo au hata kipindupindu. Asiyeamini akumbuke mwaka 2017, kipindupindu kilipowapata watu waliohudhuria mikutano jijini Nairobi, katika mahali pa heshima. Ugonjwa huo haujali bei ya sahani.

Muhuri wa mkaguzi

Nyama ya kuuzwa yapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri. Wengine huona jambo hili kuwa usumbufu wa serikali tu, lakini sababu zake ni nzito. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta huua. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931 katika shamba karibu na Naivasha, iliua zaidi ya watu 150 nchini katika mlipuko wa 2006 na 2007. Walio hatarini zaidi ni wanaochinja na kushika damu, lakini nyama isiyoiva nayo si ya kuliwa. Nyama ya ng'ombe isiyoiva yaweza pia kukupa mnyoo tegu. Buchani muhuri unaonekana, lakini kwenye sinia ya tamasha hauonekani. Basi usione haya kumwuliza mwuzaji nyama yake imetoka wapi. Mutura nayo iwe imeiva hadi katikati.

Kipimo chako

Mwaka 2015, tawi la WHO linalochunguza saratani lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, hemu na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu huenda nayo ikaisababisha. Wataalamu wa saratani hushauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Ukiondoa mifupa na maji yanayokauka motoni, kilo moja mbichi ya mbuzi hubaki takriban nusu kilo ya kutafuna. Anayejisifu kwamba humaliza kilo peke yake amekula fungu la wiki nzima, na pengine zaidi, kwa kikao kimoja.

Sehemu zilizoungua zikawa nyeusi zina kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani. Zikate uzitupe. Nyama iliyolowekwa katika ndimu na kitunguu saumu, ikageuzwa mara kwa mara juu ya makaa yasiyotoa ndimi za moto, huwa na kemikali hizo kwa uchache.

Mwenye shinikizo la damu ajihadhari na chumvi ya kuchovyea. WHO hutaka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kisichofika kijiko kimoja cha chai. Mwenye jongo naye akumbuke kwamba nyama nyingi pamoja na bia ndiyo njia ya mkato ya kuamka usiku akishika kidole gumba cha mguu. Wajawazito, wazee na watoto wadogo wasile kitu ambacho hakikutoka motoni wakiona.

Ukiamua kwenda

Fika mapema, makaa yakiwa bado mapya. Chagua jiko lenye foleni inayosonga, kwa sababu nyama yake haikai. Omba ikatwe mbele yako, na uguse: ikiwa vuguvugu, iache. Tazama kama mchomaji ana maji ya kunawa na kama ubao wa nyama mbichi ni tofauti na wa iliyoiva. Kula na ugali na mboga zilizopikwa. Usibebe mabaki kwenye gari ili uyale kesho. Na kama utakunywa, mwachie mwingine usukani.

Ukiugua

Kuhara na kutapika kwaweza kuanza baada ya saa chache au siku kadhaa. Kinachoua haraka ni kuishiwa na maji mwilini. Kunywa maji ya ORS kutoka dukani la dawa. Ukiyakosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usijinunulie viuavijasumu kiholela. Kimbia hospitalini ukiona damu kwenye choo, homa kali, mkojo kupungua, au kuhara kama maji ya mchele.

Halafu mwambie daktari ulikula nini, wapi na saa ngapi. Wagonjwa wengi huona aibu wakasema ni "malaria tu". Usinyamaze, kwa maana afisa wa afya akijua mapema, waliokula sinia moja nawe wanaweza kutafutwa wangali hai.