Mtoto wa SS: si uchawi, ni damu tuliyorithi



Kasongo na Kabambare sote tunamjua mtoto huyu. Kabla hajatembea, vidole vya mikono na miguu vinavimba. Macho yanakuwa ya manjano. Akilowa mvua au akipata homa, analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Siku moja mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, mdomo unapinda. Hapo familia inaanza kutafuta mchawi, na mara nyingi wa kwanza kunyoshewa kidole ni mama. Sisi wachungaji tumeketi katika vikao vya namna hiyo. Tumeona mama akirudishwa kwao na mtoto mgongoni, nasi tukanyamaza. Tulikosa.

Ugonjwa huu ni drepanositozi, ambao Watanzania huuita selimundu. Chembe nyekundu za damu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Za mtoto SS hupinda kama mundu, hufa baada ya siku 10 hadi 20, na huziba mishipa midogo. Panapozibwa panavimba na kuuma. Mshipa wa ubongo ukiziba, mtoto anapooza.

Unatoka wapi? Kila mtu hurithi sehemu moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AS haugui, wala hajijui. AS wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS. Kila mimba huanza hesabu upya. Basi baba na mama wametoa sawasawa. Hakuna wa kumfukuza mwenzake.

Msaada upo. Mtoto alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote na dawa anazoandikiwa. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale: watoto waliopewa dawa ya hidroksiurea walipata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vilipungua. Muulizeni daktari. Lakini homa kali, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla au kulegea upande mmoja havingoji ibada iishe: mpelekeni hospitali saa ileile. Tutaomba njiani.

Tunawasihi wachungaji wenzetu: katika mafundisho ya ndoa, waelezeni vijana wapime damu mapema, kabla ya mahari, nanyi mtunze siri ya majibu yao.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyekosa hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kikao kijacho cha familia kikiuliza swali lilelile, tusinyamaze tena.