Jinsi wastani wa asilimia unavyoficha watoto wasiochanjwa

TAKWIMU za zahanati zikipangwa vibaya, ripoti huwapotosha wanaoitegemea kugawa dawa za chanjo na wahudumu.

Mnamo 2011, Kenya ilianza kukusanya takwimu za afya kwa mfumo wa kompyuta wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kila kituo huwa chini ya wadi, wadi chini ya kaunti ndogo kama Navakholo, nayo chini ya kaunti, hapa Kakamega.

Mathalani, iwapo kituo kimoja cha Navakholo kina watoto 10 na 9 wamechanjwa, hiyo ni asilimia 90. Kingine kikiwa na watoto 90 na 45 wamechanjwa, hiyo ni asilimia 50. Wastani wa asilimia hizo ni 70. Lakini waliochanjwa ni 54 kati ya 100: waliokosa kinga ni watoto 46, wala si 30.

Kwa hivyo, kinachofaa kuhifadhiwa ni idadi halisi. Asilimia ikokotolewe upya katika kila ngazi.

Aidha, mipaka ihifadhiwe pamoja na miaka yake. Eneobunge la Navakholo lilimegwa kutoka Lurambi kabla ya uchaguzi wa 2013. Asiyezingatia hilo ataona idadi ya watoto wa Lurambi ikipungua ghafla, ilhali kilichobadilika ni mpaka tu.