Ukifunga Safari ya Dabi, Usiitegemee Tarehe

Swali la Machi 8, 2025 halijaisha kwenye vikao vyetu. Mtu ameomba ruhusa kazini Muscat, amekata tiketi ya ndege, amefika Dar es Salaam, halafu Yanga na Simba hazichezi. Na kwa nini Simba haikunyang'anywa pointi tatu palepale?

Jibu liko kwenye mkesha wake. Yanga ndiye aliyekuwa mwenyeji, na Kanuni ya 17, kifungu cha 45, ya Ligi Kuu ya msimu ule ilimpa mgeni haki ya kufanya mazoezi walau mara moja kwenye uwanja wa mechi, muda uleule mchezo utakapochezwa. Hapa ndipo wengi mnaponaswa. Mnasema Simba anaufahamu Uwanja wa Mkapa, mazoezi ya nini tena? Kanuni haikuuliza kama umeuzoea uwanja. Siku ile Simba ni mgeni, basi. Iliposema imezuiwa kuingia na walinzi wa Yanga, ikatangaza kwamba haichezi. Yanga ikashikilia kuwa ni Machi 8 au hakuna, na timu ikaenda uwanjani kweli. Bodi ya Ligi ikaahirisha siku yenyewe ya mechi, watu wa mikoani wameshashuka kwenye mabasi. Mechi ikishaahirishwa kabla ya muda wake, hakuna timu iliyogoma kutokea. Pointi za mezani zitoke wapi?

Kinachoudhi ni kuchelewa. Mgogoro ulijulikana usiku, mashabiki wakaambiwa kesho yake. Wala halikuwa jambo geni: Mei 8, 2021 muda ulisogezwa siku ileile, kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga ikaja saa 11, ikaondoka, na mchezo ukachezwa Julai 3, Yanga ikashinda 1-0. Mwaka 2025 nao tukapewa Juni 15, ikasogezwa hadi Juni 25. Yanga ikashinda 2-0, lakini aliyekwisha kurudi Muscat kazini aliiona kwenye simu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Naliendele, Mtwara, likizo ianzie nyumbani. Nenda kawaone wazee kwanza, malizeni mambo ya shamba la mikorosho, dabi iwe nyongeza. Usikate tiketi ya kurudi kwa asubuhi inayofuata mechi, na ukate ile inayobadilishika hata kama imezidi bei kidogo. Msiwatumie vijana nauli ya basi wakufuateni Dar kwa ajili ya dakika 90. Ni zaidi ya kilomita 500, na wao hawana mwajiri wa kuwarudishia hela hiyo.

Bodi nayo tunaiomba jambo moja: mgogoro wa mkesha uamuliwe mkesha huohuo, na tangazo litoke kabla mabasi ya Mtwara hayajaondoka stendi.